Kozi kwa Bei ya Jumla

"Dazeni," Polycarp alisema kwa mara ya nne, akaipiga kaunta kiganja hadi mabeseni yaliyopangwa juu yake yakatikisika. "Ama dazeni, ama hatununui."

"Baba Lucky, hii ni kozi," Josepha alimjibu. "Masomo. Anayesoma ni mimi, na nina kichwa kimoja. Vingine kumi na kimoja nitavitoa wapi?"

"Kila kitu kina dazeni yake."

"Mume hana. Mimi nilikuchukua reja reja na sijalalamika."

Ramadhan, mzee wa mkokoteni aliyekuwa amepumzika mlangoni akisubiri mzigo, aliangua kicheko. Kisha akakumbuka mzigo wenyewe ni wa nani, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, saa ambayo spika za maduka yote hubishana na hakuna inayomshawishi mwenzake. Duka la Mushi liliuza ndoo, mabeseni na madumu ya plastiki. Juu ya kaunta kulikuwa na kibao Polycarp alichokiandika kwa mkono wake: HATUUZI KIMOJA. USIULIZE.

Watu wasiomjua Polycarp Mushi walidhani ni bahili. Hapana. Bahili hununua kidogo. Polycarp alinunua kila kitu kwa dazeni, kwa sababu baba yake, aliyeshuka kutoka Kibosho na magunia mawili ya vitunguu, alimwachia wosia mmoja tu: mtu anayenunua kimoja amekwisha kukubali unyonge. Kwa hiyo nyumbani kwao Mchafukoge, ghorofa ya tatu, kulikuwa na pasi kumi na mbili. Watoto wao wawili walimaliza sekondari wakiwa bado na rula mpya za darasa la tatu. Hata pete za ndoa zilikuja katika boksi la dazeni. Mbili wakavaa, kumi Polycarp akawauzia maharusi wengine wa parokia kabla padri hajaitangaza kanisani mara ya tatu ndoa ya Polycarp mwenyewe. Na baba mkwe wake alipofariki, alikutwa Keko kwa fundi seremala akiuliza majeneza kumi na mawili yanapunguaje, mpaka shangazi mmoja akamvuta shati na kumkumbusha kwamba marehemu ni mmoja.

Josepha alikuwa ameyazoea hayo yote kama mtu anavyomzoea jirani mwenye jogoo. Lakini kozi hii ilikuwa yake.

Alikuwa na stashahada ya uhazili. Miaka tisa alikuwa katibu muhtasi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iliyokuwa hatua chache kutoka nyumbani kwake, hadi mabosi walipojifunza kuandika barua zao wenyewe, vibaya lakini wenyewe, na makatibu wakapunguzwa. Tangu hapo ilikuwa miaka minne ya mabeseni. Hakuwa na ugomvi na mabeseni. Ila beseni halikuulizi kitu. Kule ofisini, kompyuta ilipogoma au printa ilipotafuna karatasi, hakuna aliyemwita fundi, waliita "Josephaaa!" naye akaja, akauliza maswali matatu, akabonyeza hapa, akachomoa pale, kazi ikaendelea. Hicho ndicho alichokuwa anakikosa.

Wiki tatu nyuma alikutana na Caroline, aliyekuwa karani mwenzake na sasa meneja utumishi palepale. Caroline hakumung'unya maneno.

"Fundi wetu wa kompyuta anahamia Dodoma mwisho wa Machi. Bosi anataka mtu mwenye cheti cha msaada wa kompyuta. Cheti, Josepha, siyo sifa. Ukikileta kabla Machi haijaisha, kiti ni chako. Ukichelewa, kuna mpwa wa mtu."

Josepha alielewa. Mpwa wa mtu yupo kila ofisi. Akatafuta, akapata Chuo cha Upeo, kinachofundisha kwa njia ya mtandao watu wanaosomea nyumbani. Kilikuwa na kozi tatu: msaada wa kompyuta, mitandao, na usalama wa mtandao. Alizisoma zote tatu mada kwa mada, akaandika kwenye daftari, akaenda hadi mtaa wa Aggrey kumuuliza fundi anayefungua kompyuta kwa kisu cha mezani ni ipi mtu aanze nayo. Jibu likawa lilelile alilokwisha kulifikia mwenyewe: msaada wa kompyuta. Awamu iliyompa cheti kabla ya mwisho wa Machi ilikuwa inafunga usajili leo, saa kumi jioni. Iliyofuata ilikuwa inaanza Aprili, na Aprili ilikuwa ya mpwa wa mtu. Fedha ilikuwa kwenye simu yake, mgao wake wa kikoba, kikundi chake cha kuweka akiba. Kilichobaki ni kulipa.

Kosa lake lilikuwa moja. Asubuhi ile alipiga simu chuoni akiwa dukani, kuuliza jambo dogo tu, na kwa kelele za mtaa ikabidi aweke spika.

"Na kama mko kikundi, mama," binti wa chuo aitwaye Joyceline alisema kwa sauti tamu, "kuanzia wanafunzi kumi na wawili tuna bei ya kikundi."

Polycarp alikuwa stoo, nyuma ya ndoo mia tatu. Alilisikia neno hilo kama paka anavyosikia kisu kikigusa samaki. Alitoka mbio, na ugomvi ukaanza. Sasa, baada ya dazeni ya nne, aliinyakua simu ya mkewe kutoka juu ya kaunta na kuipiga tena namba ileile.

"Asante kwa kuchagua Upeo, unaongea na Joyceline."

"Mwanangu, mimi ni Mushi, mume wa yule wa asubuhi."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sasa nisikilize. Huo mzigo upo?"

"Mzigo gani, baba?"

"Kozi. Zipo, au mnaagiza mtu akishalipa?"

"Zipo, baba."

"Ziko godauni gani?"

"Ziko mtandaoni, baba."

Polycarp alifunika simu kwa kiganja. "Anaficha godauni," alimnong'oneza mkewe. "Huyu anajua biashara." Akaifunua. "Sawa. Nitumie sampuli."

Sampuli ilikuja, video ya dakika nne ambamo kijana mwenye tai alieleza kompyuta ni nini. Polycarp aliitazama yote huku amekunja mikono, kisha akaigeuza simu kuangalia nyuma yake, kama kuna maandishi. Wakati huo Muhiddin, muuza mazulia wa mlango wa pili, alikuwa ameshaingia na kikombe chake cha kahawa. Familia yake ilikuwa mtaa huo tangu enzi za babu yake, na hakuna bidhaa iliyowahi kupita bila yeye kuishika.

"Mangi, unanunua nini?" alimuuliza Polycarp, kwa jina waitwalo Wachaga wote wa Kariakoo.

"Kozi."

"Ya China au ya Uturuki?"

"Ya mtandaoni."

"Sijawahi kuagiza kutoka huko. Ushuru wake vipi?"

"Nadhani haipiti bandarini kabisa."

Muhiddin aliweka kikombe chini. Bidhaa isiyopita bandarini! Aliichukua simu, akaitoa nje, akaiweka juani na kuitazama kwa pembeni. "Rangi haichuji," alisema kwa heshima.

"Jirani," Josepha alisema, "hiyo ni simu yangu."

"Naijua, Mama Lucky. Naangalia mzigo."

"Ina waranti?" Polycarp alikuwa akimuuliza Joyceline kwa spika, simu ikiwa bado mkononi mwa Muhiddin.

"Cheti kinadumu miaka mitatu, baba. Baadaye unakihuisha."

"Kwa hiyo kina tarehe ya kuisha."

"Ndiyo, baba."

Polycarp na Muhiddin walitazamana. Josepha akapata tumaini. Aliwahi kuona mumewe akikataa kontena zima la juisi kwa sababu ya tarehe. Lakini miaka mitatu si miezi mitatu, na Polycarp alipiga hesabu ya kichwa akatoa hukumu: "Itakuwa imeshatoka yote. Tuandikie dazeni, mwanangu. Mchanganyiko."

"Mchanganyiko kivipi, baba?"

"Kama kandambili. Katoni moja, saizi tofauti. Nne msaada, nne mitandao, nne usalama. Tuone ipi inatembea."

"Haiwezekani, baba. Bei ya kikundi ni kozi moja kwa wote. Na kila mwanafunzi lazima awe mtu, aandikwe kwa jina lake, afanye jaribio fupi la kupima uwezo. Na ni kabla ya saa kumi."

Mtu mwingine yeyote angekata tamaa hapo. Polycarp alitoa kalamu sikioni.

"Nipe watu kumi na wawili," alisema, lakini alikuwa anaongea na mtaa.

"Baba Lucky, acha nilipie moja yangu niondoke," Josepha alisema. "Wewe tafuta watu wako taratibu hata mwezi ujao."

"Ukichukua moja pembeni tutabaki kumi na mmoja. Kwa nini unataka kuivunja dazeni kabla haijafungwa?"

Sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, na Josepha, ambaye alikuwa ameishi na mtu huyo miaka ishirini na mbili, akakubali kusubiri. Si kwa woga. Alikuwa na saa nne na nusu mkononi, na alijua kwamba mtu kama Polycarp huachwa akimbie mpaka achoke, kama mtoto kwenye sherehe. Hapo alikosea hesabu. Polycarp hakuwa mtu wa kuchoka.

Wa kwanza Josepha, wa pili Polycarp mwenyewe, wa tatu Muhiddin, wa nne mkewe Muhiddin, Thuraya, aliyeitwa kutoka dukani kwao akaja na futi ya kupimia mapazia shingoni. Wa tano Ramadhan wa mkokoteni, aliyesema hana kompyuta, akaambiwa hilo bado hakuna aliyeliuliza. Wa sita na wa saba wauza masufuria wawili wa ng'ambo ya barabara. Wa nane mama lishe. Wa tisa kinyozi wa ghorofa ya juu. Wa kumi mlinzi wa godauni, aliyeamshwa. Wa kumi na moja alipatikana kwa simu: mama yake Polycarp, Kibosho, miaka sabini na tisa.

"Nani kafa?" bibi aliuliza, maana hakuzoea kupigiwa Jumamosi.

"Hakuna aliyekufa, mama. Tunasoma."

"Nyote?"

"Nyote. Na wewe upo."

"Josepha yupo hapo?"

"Shikamoo, mama," Josepha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu amekula?"

"Amekula, mama. Ndivyo alivyo tu."

Wa kumi na mbili alikuwa Anuari, mteja aliyesafiri kutoka Tunduma kufuata dazeni arobaini za mabeseni. Polycarp alimwambia mabeseni hayatoki mpaka aandike jina.

"Basi langu linaondoka leo jioni, bosi," Anuari alilalamika.

"Si unasomea nyumbani? Tunduma si nyumbani?"

Anuari alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona, akaandika jina.

Ilipofika saa nane walianza jaribio. Kompyuta ilikuwa moja, ya Josepha, ya kubebwa mkobani, na kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kuitumia, ndiye aliyewasomea maswali na kuwaandikia majibu. Yeye mwenyewe alikuwa amelifanya lake kitambo, akapata matano kwa matano. Sasa alikuwa msimamizi wa mtihani, amekaa kati ya ndoo, foleni ikifika hadi barabarani. Wapita njia walidhani kuna kitu kinagawiwa, wakajipanga pia.

"Swali la kwanza," Josepha alisoma. "Mteja anakupigia simu akiwa na hasira, anasema kompyuta yake haiwaki. Utaanza na nini?"

"Namuuliza alinunua wapi," Polycarp alijibu papo hapo. "Kama si kwangu, namtakia mchana mwema."

"Na kama ni kwako?"

"Namwonyesha kibao cha mali ikishauzwa hairudishwi."

Josepha aliandika. Muhiddin akaja akasema mteja mwenye hasira asijibiwe kabisa, aletewe kahawa, aachwe, na akirudi siku ya tatu atakuwa amesahau. Mlinzi alisema atamwomba kitambulisho. Kinyozi alitaka kujua kwanza hiyo hasira ni ya kweli au ya kutafuta punguzo. Bibi wa Kibosho, kwa spika, alisema kama haiwaki basi aiache ipumzike, yeye mwenyewe hawaki kabla ya saa tatu. Thuraya alisema angemtuma mume wake ashughulikie, halafu afanye yeye mume akishashindwa.

Zamu ya Ramadhan ilipofika, alifuta mikono kwenye shati, akafikiri kidogo.

"Namuuliza kama imechomekwa kwenye umeme."

Josepha aliinua macho. "Endelea."

"Akisema imechomekwa, namwambia achomeke taa palepale tuone kama inawaka. Maana mtu mwenye hasira atakwambia imechomekwa, halafu ukienda unakuta waya uko sakafuni."

"Nani kakufundisha?"

"Miaka thelathini nabeba mafriji ya watu, mama. Nikishusha, wananiambia nimeua friji."

Ramadhan alipata matano kwa matano. Muhiddin alipata moja. Polycarp hakupata hata moja, na alipoambiwa hivyo aliuliza kama wastani wa dazeni nzima unatosha.

Chuo hakikujali. Joyceline alieleza kwamba jaribio linapima tu mtu aanzie wapi, halimzuii mtu kununua, na neno hilo liliamsha shangwe. Ilikuwa saa tisa na robo. Kilichobaki kilikuwa kuchagua kozi moja ya kikundi kizima.

"Msaada wa kompyuta," Josepha alisema. "Tumalize."

"Subiri," Polycarp alisema. "Wanunuzi ni kumi na wawili. Wanunuzi waamue."

Basi wakaamua. Mlinzi alisimama, akavuta mkanda wake, akasema yeye usalama anaujua, ana miaka kumi na sita na hajaibiwa hata ndoo, kwa hiyo hawezi kuacha fani aliyonayo aanze nyingine. Wauza masufuria walisema siku hizi wezi ni wengi na usalama utatoka haraka kuliko msaada, maana nani analipia msaada? Msaada hutolewa bure, hata jina linasema. Kinyozi alichagua mitandao, kwa sababu wateja wake wote wanaongelea mitandao. Bibi alichagua ile itakayomfanya Polycarp apumzike. Hiyo haikuwepo kwenye orodha, kwa hiyo Polycarp alimhesabia usalama. Anuari wa Tunduma alisema weka yoyote, akahesabiwa usalama. Thuraya alichelewesha kura yake, akamtazama Josepha, kisha akamtazama mumewe aliyekuwa ameshauinua mkono wake juu, akanung'unika "usalama" kama mtu anayemeza kidonge.

Usalama tisa, mitandao moja, msaada mbili. Ya Josepha na ya Ramadhan.

"Sikilizeni," Josepha alisema, na alisema taratibu, kama alivyokuwa akisema na mabosi wake wa zamani printa ilipokuwa inatoa moshi. "Kozi ya usalama wa mtandao haina rungu wala tochi. Ni ya mtu aliyekwisha kuijua kompyuta, akaijua mitandao, ndipo anaanza kulinda. Hamuwezi kulinda nyumba ambayo hamjui milango iko wapi. Hata mimi sijafika huko. Nikianza na hiyo, Machi itafika sina cheti, sina kitu."

"Atajifunza huko huko," Muhiddin alisema.

"Mchagua jembe si mkulima, shemeji," muuza sufuria mmoja aliongeza.

"Mimi nalijua jembe langu, nimelichagua wiki tatu. Nyie mmechagua kwa dakika tano." Alimgeukia mumewe. "Baba Lucky. Caroline ameniambia cheti cha msaada. Siyo usalama. Kiti kile ni cha msaada."

Polycarp alimshika bega. Alimshika kwa upole, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Mama Lucky," alisema, "kazi utapata nyingine. Bei hii hupati tena."

Mtaa haukunyamaza, maana Narung'ombe hainyamazi. Lakini Josepha aliacha kuusikia. Alimwona mumewe vizuri kabisa, uso wake wa ukarimu, jasho juu ya paji, orodha ya majina kumi na mawili mkononi, na akaelewa kwamba Polycarp hakuwa amesema neno baya. Alikuwa amesema neno aliloliamini kuliko Ekaristi. Angemnunulia kila kitu duniani, na hakuna ambacho kingekuwa chake.

Saa ya ukutani, moja kati ya saa kumi na mbili zilizokuwa zimening'inia pale kwa miaka na kila moja ikisema lake, ilionyesha saa tisa na dakika thelathini na tisa. Josepha hakuiamini. Aliangalia kwenye kompyuta: dakika arobaini na nne. Alichukua simu yake mkononi mwa Muhiddin, aliyekuwa amerudi kuiangalia juani, akapiga.

"Asante kwa kuchagua Upeo, unaongea na Joyceline. Kikundi kimekamilika, mama?"

"Hapana. Nataka moja."

Kwa kelele za mtaa alikuwa ameweka spika tena. Ramadhan alishuka kwenye mkokoteni.

"Moja, mama?" Joyceline alisema, na hata yeye, baada ya siku nzima na watu hawa, alisikika kama aliyeshtuka. "Moja tu?"

"Moja. Msaada wa kompyuta. Jina Josepha Mushi. Bei ya kawaida."

"Josepha," Polycarp alisema. Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu Lucky azaliwe.

"Nitumie namba ya malipo, mwanangu, dakika zinakwenda."

"Josepha, usifanye hivyo. Hapa? Mbele ya mteja?"

Anuari wa Tunduma, ambaye katika maisha yake yote alikuwa amenyimwa kimoja katika duka lile, alikuwa ametoa macho. Wauza masufuria walikuwa wanavuka barabara kurudi kwao ili wasionekane wamekuwepo. Muhiddin alikuwa amegeuza uso ukutani, kama mtu anayestahi jirani aliyedondokwa na kikoi.

"Subiri hadi Jumatatu," Polycarp alisema haraka. "Nitawaongeza wengine kumi na wawili. Dazeni mbili, moja usalama, moja msaada. Nitaongea na yule binti, nitaongea na mwenye chuo mwenyewe..."

"Jumatatu usajili umeshafungwa."

"Basi tukate shauri la katikati. Nusu dazeni. Nusu dazeni hata marehemu baba angesamehe!"

Namba iliingia. Josepha aliiandika tarakimu kwa tarakimu, bila haraka, akaisoma tena kuhakiki, maana aliwahi kuona watu wakilipia maji ya jirani kwa kukosea tarakimu moja. Akaweka namba ya siri. Akabonyeza.

Ilichukua muda, kama inavyochukua kila wakati mtu akiwa na haraka. Watu waliobaki walisogea kutazama skrini ndogo. Kisha ujumbe ukaja, na Thuraya, aliyekuwa karibu kuliko wote, ndiye aliyeusoma kwa sauti kabla mwenye simu hajausoma:

"Umesajiliwa. Idadi: moja."

"Idadi wameiandika kabisa," Polycarp alisema, na akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Thuraya alianza kucheka, akajaribu kuzuia kwa mtandio, akashindwa. Mlinzi aliuliza kama bado kuna usalama. Joyceline, kutoka kwenye simu, alisema kwa masikitiko kwamba kikundi sasa kina watu kumi na mmoja, na bei ya kikundi haipo tena mpaka apatikane mwingine katika dakika kumi na moja zilizobaki. Muhiddin aliugeuza uso wake kutoka ukutani, akatazama barabarani kwa matumaini. Hakuna aliyeinuka kumtafuta.

Josepha alifunga kompyuta, akachomoa waya wake, akauzungusha vizuri na kuvitia vyote viwili mkobani. Alipofika mlangoni alisimama mbele ya Ramadhan.

"Wewe umepata tano kwa tano," alimwambia. "Asikudanganye mtu ukanunue usalama."

"Sawa, mama."

"Unaenda wapi?" Polycarp aliuliza kutoka juu ya ndoo. "Jumamosi hii, saa ya wateja? Nani atakaa kaunta?"

"Wewe. Mimi naenda nyumbani."

"Kufanya nini nyumbani?"

"Kusoma. Ni kozi ya nyumbani."

Akavuka barabara kati ya mikokoteni, mkoba kifuani kama watu wote wenye akili wanavyobeba mkoba Kariakoo, na hadi saa kumi ilipogonga alikuwa ameshapanda ngazi za Mchafukoge, ameshasogeza trei kumi na mbili za mayai pembeni ya meza, na ameshafungua somo la kwanza.